Wamasai msiwasingizie

Jana tena. Mzee mmoja kaingia na karatasi ya maabara, LDL (ile lehemu mbaya inayojikusanya mishipani) 5.1, juu mno, na kabla sijamaliza kuisoma keshatoa simu anionyeshe video. "Dokta, hii lehemu, hii kolesteroli, ni biashara ya kampuni za dawa. Wamasai wanakunywa maziwa na damu tangu enzi, mbona moyo hauwasumbui?" Ni wa nne mwezi huu. Basi tuwazungumze hao Wamasai, maana wamegeuzwa mashahidi wa kila kesi.

Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake walichapisha waliyoyakuta kwa Wamasai wa Tanganyika. Kweli, maziwa na nyama kwa wingi, na dalili za ugonjwa wa moyo chache mno. Video zote huishia hapo. Lakini Mann alipima damu yao pia, na lehemu yao ilikuwa chini, chini kuliko ya Wamarekani wenzake. Sasa watu wenye lehemu ndogo, mioyo yao mizima, wanathibitishaje kwamba lehemu haina neno? Wanachoonyesha ni kwamba mafuta ya sahani na mafuta ya damu ni vitu viwili. Lehemu nyingi inatengenezwa na ini lako mwenyewe, nalo hupunguza kazi ukila zaidi. Kwa wengine vizuri, kwa wengine ovyo. Ndiyo maana yai lako la asubuhi sina ugomvi nalo.

Kuna kinachonisumbua, nacho nakisema. Mwaka 1972 Mann alirudi na matokeo ya maiti 50 za wanaume wa Kimasai. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa mipana, damu inapita. Yeye aliona ni mwendo, kule kutembea kutwa nzima. Nami naona hivyo, lakini kuapa siapi.

Sasa kampuni za dawa tuziweke kando kabisa. Mwaka 2006 ilionekana kwamba Wamarekani weusi waliozaliwa na hitilafu fulani kwenye jeni ya PCSK9, inayoongoza kiasi cha LDL kwenye damu, walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28 tu, ila hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilipungua kwa asilimia 88. Hakuna aliyewapa kidonge. Siri ni muda: LDL yao imekuwa chini tangu tumboni mwa mama. Ukichemsha maji ya kisima unaujua ule ukoko mweupe wa birikani. Haukuwekwa na chai ya leo. Na lehemu mishipani ni hivyohivyo.

Wabishi wana haki mahali pengine. Kolesteroli ya jumla peke yake ni namba dhaifu. "Lehemu nzuri", yaani HDL, nayo tuliisifia mno: dawa ya torcetrapib iliipandisha kweli, na mwaka huohuo wa 2006 jaribio likasimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi. Na mtu wa miaka 80 asiyeumwa moyo, kumwanzishia statini, vidonge vya kushusha lehemu? Huwa nasitasita. Hata hesabu za hatari tulizofundishwa zilitoka kwa watu wa mji wa Framingham, Massachusetts, Marekani, nami nampigia hesabu hizo mtu wa Tandika, Dar es Salaam.

Mzee wangu nilimwuliza baba yake alifariki kwa nini. Akaweka simu mezani.

"Alianguka shambani. Alikuwa na arobaini na sita."

Nikamwandikia atorvastatini, mojawapo ya statini, nikamwambia Jumatatu aje na wanawe wote, wapimwe lehemu; huenda ni ya kurithi.