Wosia pacha: je, unamfunga atakayebaki?

Wiki chache zilizopita waliingia katika ofisi yangu ya uwakili Jinja mzee mmoja na mkewe, kila mmoja ameshika karatasi yake. Walikuwa wameziandika nyumbani usiku, baada ya chakula. Ya mzee ilisema mali yake yote iende kwa mkewe, na mke akitangulia, iende kwa watoto wao wanne. Ya mama ilisema vivyo hivyo, ila jina la mume limekaa palipokuwa jina la mke. Mama alikuwa shahidi wa mzee, mzee shahidi wa mama, na jirani mmoja akatia saini zote mbili.

"Binti yangu," mzee akasema, "sisi tumemaliza. Wewe tupigie muhuri tu."

Niliwaheshimu kwa dhati. Wengi wa rika lao hawataki hata kulitamka neno wosia, wakiamini kuliandika ni kujiitia kifo. Lakini muhuri wangu usingeziokoa karatasi zile.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye mashahidi. Sheria ya Mirathi ya Uganda inataka mashahidi wasiopungua wawili, nao watie saini mbele ya mwenye wosia. Mwenye wosia asiyejua kuandika anaweka alama yake, na dole gumba linatosha. Ila shahidi aliyeachiwa kitu ndani ya wosia huo hakipati, na mume au mke wa shahidi vilevile. Wosia unabaki hai, zawadi ndiyo inayokufa. Mama yule, kwa kumsaidia mumewe kutia saini, alikuwa amejiondoa mwenyewe kwenye zawadi aliyoachiwa. Mali iliyokosa mwenyewe kwa njia hiyo inaweza kuangukia kwenye mgawanyo wa asiyeacha wosia. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, marehemu akiacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, yaani anayerithi nafasi yake katika ukoo, mwenzi anapata asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Kwa hiyo tafuteni mashahidi wasiorithi chochote: jirani, mwalimu, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa.

Hilo lilirekebishika kwa nusu saa. Lililotuchukua siku mbili ni swali ambalo mama aliliuliza taratibu, bila kumtazama mumewe: "Nikitangulia mimi, na huyu akaoa tena, watoto wangu watakuwaje?"

Wenzi wengi hudhani kwamba kwa kuwa wosia zao zinafanana kama mapacha, basi zimefungana. Hazijafungana. Wosia hauna nguvu mpaka mwenyewe afe, na akiwa hai na akili timamu anaweza kuubadilisha hata kesho. Mama akitangulia, mali yake inakuwa ya mzee kabisa. Baada ya hapo mzee anaweza kuandika wosia mwingine. Na akifunga ndoa, ndoa yenyewe hufuta wosia wake wa zamani hata asipoandika kitu. Watoto wanne waliotajwa kwenye karatasi ya mama watakuta mali ya mama yao imo ndani ya mirathi ya baba, inagawanywa pamoja na mama wa kambo na ndugu wa kambo. Hakuna aliyeiba. Ni wosia ulifanya kile ulichoambiwa.

Ipo njia ya kufungana. Wenzi wanakubaliana wazi kwamba atakayebaki hatabadilisha, na makubaliano hayo yanaandikwa. Kanuni hii ni ya Kiingereza, chimbuko lake ni kesi ya Dufour v Pereira ya mwaka 1769, na mahakama zetu hutumia kanuni za haki za Kiingereza pale sheria zetu zilipo kimya. Lakini makubaliano lazima yathibitishwe, na kufanana kwa maneno peke yake si uthibitisho. Mimi sipendi kuwashauri wenzi njia hii. Ili ahadi ile itimizwe, mtoto huenda akalazimika kumpeleka mahakamani baba yake, au mke wa baba yake, na nimeona familia ambazo hazikukaa tena kwenye mkeka mmoja baada ya hapo.

Ninachopendelea ni hiki: usimwachie mwenzako umiliki wote, mwachie matumizi ya maisha yake yote. Akae nyumbani, ale kodi ya vyumba vya kupangisha, alime shamba, na akifa umiliki uende kwa watoto uliowataja. Mjane hatupwi nje, na kumfukuza mjane kwenye nyumba ya familia ni kosa la jinai hata hivyo. Watoto nao hawaombi fadhila ya mtu.

Kabla hujaandika neno lolote, toa hati ya ardhi uisome. Ya hawa wawili ilikuwa kwa majina yao wote kama wamiliki wa pamoja wasiogawanyika. Ardhi ya namna hiyo haipiti kwenye wosia wa anayetangulia, inamwendea aliyebaki moja kwa moja. Ibara nzuri ya matumizi ya maisha ingekuwa maneno matupu. Ilibidi kwanza tubadilishe umiliki uwe wa hisa, nusu kwa nusu, ndipo kila mmoja awe na nusu ya kuiusia. Kibanja cha mzee kule Mukono hakina hati, kwa hiyo tulikieleza kwa mipaka na majirani wake.

Walezi wa watoto wadogo lazima wawe walewale katika wosia zote mbili. Zamani sheria ilimpa baba peke yake haki ya kuteua mlezi kwa wosia. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vya namna hiyo, na leo neno la mama lina uzito sawa. Mama akimtaja dada yake na baba akamtaja kaka yake, na wote wawili wakapata ajali siku moja katika barabara ya Kampala, mmewaachia watoto ugomvi. Kwa ajali hizo hizo huwa naweka sharti kwamba mwenzi arithi tu akiishi siku 30 baada ya mwenzake. Bila sharti hilo, mali inaweza kuhama mara mbili ndani ya wiki moja, na ndugu wa upande mmoja wakabaki mikono mitupu.

Kwa Waislamu, wosia pacha wa "vyote kwa mwenzangu" haukubaliki katika sharia: wosia hauvuki theluthi, na mrithi hausiwi mpaka warithi wengine waridhie. Mke ana thumni yake, sehemu moja ya nane, kukiwa na watoto, mume robo. Zungumzeni na kadhi kabla ya kuja kwa wakili.

Na wa Busia na Malaba wenye shamba upande wa Kenya, ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Usiandike kana kwamba mpaka haupo.

Mrithi wa kimila nitamtaja kwa kifupi, maana mzee alisisitiza. Tuliandika jina la kijana wao wa pili, atakayevishwa vazi la gome la mti siku ya kumaliza matanga. Tuliandika pia kwamba gome halimpi hati ya nyumba, na mzee aliomba sentensi hiyo asomewe mara mbili.

Wosia zilibaki mbili. Sikubali karatasi moja yenye saini za wote wawili, kwa sababu anapokufa wa kwanza karatasi inapelekwa mahakamani, na mipango ya aliye hai inasomwa na ukoo mzima. Mama alitia saini kwanza. Nakala halisi ninazo mimi kwenye kabati la chuma, na binti yao mkubwa ndiye aliyeambiwa zilipo.