Muda Mrefu Si Ushahidi: Dhana Potofu za Kupima Muda wa Fanksheni

Wateja wangu hapa Kigoma ni wenye maduka ya jumla, wanunuzi wa dagaa na ofisi zenye mifumo ya stoo. Karibu wote wana kijana wao wa programu, na karibu wote hunitumia ujumbe uleule: "Tumepima, tumempata mkosaji. Fanksheni ya ripoti inakula sekunde tano. Tuiandike upya?" Hapana. Bado hamjampata mkosaji yeyote.

Dhana: fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) yenye muda mrefu kuliko zote ndiyo inayochelewesha mfumo.

Namba mnayonitumia mara nyingi ni ya jumla: ndani yake umo muda wa kila fanksheni iliyoitwa kutoka pale. Kwa hesabu hiyo fanksheni kuu itaongoza siku zote, kwa sababu programu nzima imo tumboni mwake. cProfile, zana ya kupima muda ya lugha ya Python, imeweka safu mbili kwa makusudi. Safu ya cumtime inajumlisha walioitwa. Tottime ni muda wa fanksheni yenyewe tu. Anzeni na tottime, jamani. Safu iko palepale kwenye skrini.

Kubwa zaidi ni kusubiri. cProfile, usipoibadilisha, huhesabu muda unaopita, prosesa iwe inafanya kazi au imekaa bure. Treni ikisimama Tabora kusubiri mabehewa ya Mwanza yaunganishwe, saa zinakwenda lakini injini haina kosa. Ukikuta tottime kubwa imekaa kwenye kusoma soketi (mlango wa programu wa kuzungumza na mtandao), programu yako ilikuwa inasubiri jibu la mbali.

Pigeni hesabu. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama hifadhidata yenu iko Ulaya na waya una urefu wa kilomita 8,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 80 kabla seva haijafanya lolote. Sasa ripoti inauliza swali moja kwa kila bidhaa, bidhaa 60, moja baada ya nyingine: sekunde 4.8. Iandikeni upya kwa lugha ya C yenye kasi mkitaka, sekunde hizo zitabaki. Dawa ni kuuliza mara moja kwa bidhaa zote, au kuleta hifadhidata karibu. Kazi ya asubuhi moja, na watu wanataka kuvunja mfumo mzima!

Kisha mwingine anajaribu perf, zana nyingine ya kupima iliyo kwenye Linux, fanksheni ya ripoti haionekani kabisa, naye ananiambia zana moja inadanganya. Hakuna inayodanganya. Amri yake ya perf record kwa kawaida huchukua sampuli, yaani huchungulia mara kwa mara ni fanksheni gani inaendeshwa, prosesa inapofanya kazi, kwa hiyo anayesubiri hamwoni. Mkitaka kujua nani anachosha prosesa, tumieni perf. Mkitaka kujua kwa nini mteja anangoja kaunta, pimeni muda unaopita. Mimi huendesha zote mbili kabla sijagusa mstari wowote wa msimbo.

Dhana: kupima hakuongezi mzigo. Kunaongeza. Kusoma saa kunaweza kuchukua makumi ya nanosekunde, na zana kama cProfile husoma saa kila fanksheni inapoanza na inapoisha. Fanksheni ndogo ya nanosekunde 50 inayoitwa mara milioni itaonekana nzito kuliko ilivyo. Kwa hizo chukueni sampuli, mara 99 kwa sekunde. Si 100, ili sampuli zisiende sambamba na kazi inayojirudia kwa mpigo uleule.

Dhana: wastani unatosha. Maombi 99 kwa mfumo, kila moja la milisekunde 20, na moja la sekunde nne yanatoa wastani wa milisekunde 60 hivi. Hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri milisekunde 60. Angalieni asilimia ya 99 (muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi) na ombi la polepole kuliko yote.

Dhana: saa yoyote inafaa. time.time(), saa ya kawaida ya Python, inaweza kurudi nyuma NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao) ikirekebisha saa ya kompyuta, ukapata muda hasi. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012 ipo perf_counter, saa ya kupimia isiyorudi nyuma. Itumieni.

Dhana: nimepima kwenye laptopu yangu, inakimbia. Hifadhidata ilikuwa kwenye laptopu hiyohiyo, ina bidhaa kumi. Pimeni kwa data ya duka, kwa laini ya duka, mchana wakati watu wako kaunta. Mkinitumia vipimo, niandikieni kwanza seva iko wapi na ripoti moja inauliza hifadhidata mara ngapi.