Boksi la amplifaya ndogo: anza na plagi, bodi baadaye

Wengi wanaoniletea amplifaya walizojiundia huja na lalamiko lileile: "Mezani ilikuwa safi kabisa, nilipoitia kwenye boksi ndipo ilipoanza kuvuma." Mimi sishangai. Mezani bodi imelala wazi na hakuna kinachogusana na kingine. Ukiifungia ndani ya chuma, umeongeza kifaa ambacho hakimo kwenye mchoro wa sakiti. Boksi ni kifaa hicho, nami hulipangia nafasi yake kwenye mchoro kabla sijashika drili.

Tuchukue bodi ambayo karibu kila anayeanza huwa nayo, ile yenye chipu ya PAM8403. Inatumia volti 5, ina chaneli mbili, na hutoa hadi wati 3 kila chaneli kwenye spika ya omu 4. Bodi yenyewe unaweza kuifunika kwa vidole viwili, kwa hiyo mtu hukimbilia boksi dogo kuliko yote. Hapo ndipo anapojifunga. Nafasi haimalizwi na bodi. Inamalizwa na jeki, swichi, kirekebisha volyumu, na waya zinazohitaji kupinda bila kuvunjika kwenye maungio. Mimi hupanga vitu hivyo vyote juu ya karatasi, plagi zote zikiwa zimechomekwa, ndipo ninapochora mstari wa boksi kuvizunguka.

Ukinunua boksi la alumini ya kumimina kwenye kalibu, tahadhari na vipimo vya tangazo. Boksi la Hammond 1590B, kwa mfano, ni takriban milimita 112 kwa 60 kwa 31, lakini hivyo ni vipimo vya nje. Ndani kuta zimelala kidogo ili boksi liweze kuchomoka kwenye kalibu, kwa hiyo chini ni pembamba kuliko mdomoni, na pembe zote nne zimeliwa na vinguzo vya skrubu. Nimewahi kuona bodi inaingia mdomoni vizuri kisha inakwama katikati ya safari. Kata kipande cha katoni chenye ukubwa wa bodi, kishushe ndani hadi kilipo kimo chake halisi, uone.

Kosa langu mwenyewe lililoniuma zaidi lilikuwa la unene. Nilitengeneza boksi la mbao, uso wake milimita 6, likapendeza mno. Nikapitisha jeki ya milimita 3.5, shingo yake yenye hesi ikafichika yote ndani ya mbao, na nati haikupata pa kushika. Nikaibandika kwa gundi. Plagi nayo ikawa inaishia njiani kabla ya kufika mwisho, sauti ikitoka upande mmoja tu. Siku hizi nikitumia mbao natoboa dirisha kwenye uso, kisha nyuma yake naweka kibati cha alumini cha milimita 1.5 kinachobeba jeki na kirekebisha volyumu.

Kutoboa ni kazi ya subira, na tundu likishapotea mahali pake halirudi. Bandika selotepu ya karatasi juu ya uso wote, chora juu yake, piga panchi katikati ya kila alama, toboa kwanza kwa biti ya milimita 2 au 3, kisha panua taratibu. Biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia na vidato vinavyozidi upana, hutoa tundu la duara zuri kwenye bati kuliko biti ya kawaida, ambayo mwishoni hupenda kulishika bati na kulizungusha. Jeki ya milimita 3.5 kwa kawaida hutaka tundu la milimita 6, na kirekebisha volyumu cha kawaida milimita 7, lakini pima chako kwa kalipa. Kirekebisha volyumu pia huwa na kidole kidogo cha chuma pembeni. Wengi hukivunja. Mimi hukitobolea kitundu chake, maana ndicho kinachozuia mwili wote usizunguke siku nati ikilegea na kung'oa waya.

Sasa mvumo. Katika boksi la chuma, ethi ya sakiti, yaani ule waya wa pamoja wa sifuri, inatakiwa kuungana na boksi mahali pamoja tu, na mahali bora ni karibu na jeki ya kuingizia sauti. Jeki za shingo ya chuma huunganisha zenyewe unapokaza nati, bila kukuomba ruhusa. Ukiwa nazo tatu umeungana mara tatu, na kati ya maungio hayo mkondo hupata njia ya kuzunguka, ukaenda kusikika kwenye spika. Acha moja, nyingine ziwe za shingo ya plastiki. Halafu kuna boksi zilizopakwa rangi au zilizotiwa utando wa rangi kwa umeme. Utando huo haupitishi umeme, kwa hiyo kwangua ndani palipo na nati hadi chuma king'ae.

Kwa PAM8403 lipo jambo zito zaidi. Waya zote mbili za kila spika zinabeba sauti, na ule wa hasi wa spika si ethi. Ukiufikisha kwenye boksi ambalo tayari limeungana na ethi, umefanya shoti kwenye mlango wa kutolea sauti wa chipu. Ndiyo sababu jeki ya hedifoni, yenye waya mmoja wa pamoja kwa masikio yote mawili, haiwekwi kwenye bodi hii.

Plastiki haina kesi hizo, ila haina kinga ya kuzuia mvumo wa kutoka nje. Unaweza kuibandika tepu ya shaba kwa ndani na kuiunganisha na ethi sehemu moja, ukidondoshea risasi ya kulehemu kwenye maungio ya tepu, kwa kuwa gundi yake mara nyingi haipitishi umeme. Na usitegemee alumini kwa kila kitu. Uga wa sumaku wa transfoma kwenye hezi 50 hupita kwenye bati jembamba kana kwamba halipo. Dawa yake ni umbali, kwa hiyo umeme wangu hutoka kwenye adapta ya nje, jambo linaloondoa pia hatari ya umeme wa ukutani ndani ya boksi. Anayetaka Bluetooth kwenye boksi la chuma atoe antena nje au aweke uso mmoja wa plastiki.

Joto, kwa chipu hii, ni suala dogo. TDA2030, chipu nyingine ya amplifaya, ni habari nyingine: inapata moto kweli, na watu huifunga kwenye ukuta wa boksi. Mgongo wake wa chuma umeungana na mguu wa 3, hasi ya umeme. Ukitumia umeme wa pande mbili, wenye chanya na hasi kila upande wa ethi, weka maika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) na washa ya plastiki, la sivyo boksi zima litakuwa hasi. Na boksi la PLA, ile plastiki ya printa za 3D, lisikaribie chipu hiyo, kwani hulainika kwenye nyuzi 60 hivi.

Kabla ya kukaza kifuniko, naunganisha waya wa sauti na ethi kwenye mlango wa kuingilia ili usiingie muziki wowote, nafungua volyumu hadi mwisho, nasogeza sikio kwenye spika. Kisha naweka kiganja juu ya boksi. Mvumo ukibadilika nilipoligusa, boksi halijashika ethi popote, na narudi na tupa yangu kukwangua.