AFQT 50 sio nusu ya mtihani: jinsi ya kuzisoma alama za ASVAB kabla hujasaini jeshi la Marekani

Mzazi akisikia mwanae kapata 50 kwenye mtihani wa kuingia jeshi la Marekani cha kwanza anachowaza ni kwamba mtoto kakosa nusu ya maswali, na kwa mtu aliyesoma shule za kwetu hiyo ni kawaida kabisa maana tumekua na asilimia, 80 ni A, 50 umejikongoja, 30 umefeli. Sasa kwa ASVAB hiyo hesabu itupe. Nimeona vijana wa kwetu walioingia huku kwa grini kadi wakikata tamaa kwa alama nzuri tu, na wengine wakishangilia alama ambayo ilikuwa haiwapi ile kazi waliyokuja kuitafuta, na yote ni kwa sababu hakuna mtu aliyekaa nao chini akawaelezea hizi namba ni za nini. Kwa iyo tukae chini.

ASVAB ndo mtihani wenyewe, una sehemu kama tisa au kumi hivi kutegemea unafanyia karatasi au kompyuta: hesabu za maneno, hesabu za kawaida, maana za maneno, kusoma aya na kujibu, sayansi ya jumla, umeme, magari na vifaa vya karakana, mekanika, na ile ya kuunganisha maumbo. Ulianza kutumika 1968 mashuleni na 1976 majeshi yote ya Marekani yakaufanya ndo mtihani wao wa kuingilia. AFQT sio mtihani mwingine kama wengi wanavyodhani, hakuna siku utaenda kufanya AFQT, hiyo ni alama moja inayotolewa ndani ya ASVAB kwa kuchukua sehemu nne tu kati ya zile zote. Hiyo moja ndo inayosema unaingia au huingii. Zile sehemu zingine zina kazi yake, tutafika.

Namba ya AFQT inaanzia 1 inaishia 99, na maana yake ni nafasi. Chukua vijana 100 wa Marekani wa miaka 18 mpaka 23, wapange mstari kuanzia aliyefanya vibaya kuliko wote mpaka aliyefanya vizuri kuliko wote, AFQT inakuambia wewe ungesimama wapi kwenye huo mstari. Ukipata 50 umewafikia au kuwapita 50 kati yao. Ukipata 72 umewafikia au kuwapita 72. Ndo maana hakuna mtu wa 100. Na hao vijana unaopangwa nao sio wale uliokaa nao chumbani siku ya mtihani, ni kundi la mfano lililopimwa nchi nzima mwaka 1997, na viwango vilivyotokana nalo vilianza kutumika 2004, so hata kama chumba kizima kimejaa watu wenye akili kali wewe hawakupunguzii kitu.

Hili la kundi la kulinganishwa sio jambo dogo hata kidogo, maana kati ya 1976 na 1980 wenyewe walikosea kuzipanga alama za matoleo mapya ya mtihani, zikawa zinawapandisha watu wa chini kuliko wanavyostahili, na jeshi likaingiza mamia ya maelfu ya watu ambao kwa kipimo sahihi wasingepita. Yaani walionekana wamepita kumbe kipimo ndo kilichopinda. Tangu hapo wamekuwa makini sana na hiyo kitu.

Sasa tuje kwenye zile sehemu nne, na hapa naomba usome polepole maana ndo penye faida yako wewe mswahili. Sehemu zenyewe ni hesabu za maneno ambazo wanaziandika AR, hesabu za shule MK, maana za maneno WK, na kusoma aya PC. Zile mbili za lugha, WK na PC, zinaunganishwa kuwa alama moja inaitwa VE, alafu wanachukua VE mara mbili, wanajumlisha na AR na MK, hiyo jumla ndo inageuzwa kuwa AFQT. Mara mbili. Lugha inabeba uzito sawa na hesabu zote mbili zikiwekwa pamoja.

Tuifanye kwa namba. Kila sehemu ina alama yake ambayo mtu wa wastani anapata 50 na wengi wanaangukia kati ya 30 na 70. Tuseme wewe una VE 45, AR 55, MK 58. Jumla ni 90 na 55 na 58, yaani 203. Ukikesha mwezi mzima na hesabu ukapandisha AR kwa pointi 5 unakuwa na 208. Ukikesha mwezi huo huo na msamiati ukapandisha VE kwa pointi zile zile 5 unakuwa na 213. Jasho lile lile, faida mara mbili. Na kwa uzoefu wangu wa kuwaona watu wetu hawa wanaotoka Mombasa, Arusha, Bukavu, hesabu mara nyingi sio tatizo, mtu amezikokotoa toka darasa la tatu bila kalkuleta, tatizo ni maneno, hasa yale ambayo humsikii mtu akiyasema kazini wala kwenye basi. Maneno kama frugal, candid, obsolete. Kiingereza cha kuongea unacho lakini hiki ni cha vitabu. Kwenye ule wa karatasi sehemu ya WK ni maswali 35 kwa dakika 11, piga mwenyewe, haifiki sekunde 20 kwa neno moja, hapo huna muda wa kutafsiri kichwani, neno ama unalijua ama hulijui. So kama una wiki nane za kujiandaa nyingi kati ya hizo zipe kusoma, magazeti, makala ndefu, na daftari la maneno mapya kila siku.

Kwenye hesabu kuna mtego mmoja tu unaowasumbua watu wetu, ni vipimo. Swali litakuambia gari linatumia galoni moja kwa maili 25, galoni ni dola 4, safari ya maili 300 ni shilingi ngapi, sorry dola ngapi. Hesabu yenyewe ni nyepesi, 300 gawa kwa 25 ni 12, mara 4 ni 48. Lakini mtu aliyezoea lita na kilomita anaanza kubadilisha vitu visivyohitaji kubadilishwa na muda unaenda. Zoea futi, inchi, paundi na galoni kabla ya siku yenyewe, kwamba futi moja ni inchi 12 na yadi moja ni futi 3, usiende ukalijifunzie hilo kwenye chumba cha mtihani.

Inaniuma kidogo kusema hivi lakini zamani kulikuwa na njia ya wasiojua Kiingereza. Vita kuu ya kwanza jeshi la Marekani lilikuwa na mitihani miwili, Alpha ya wanaosoma na Beta ya picha kwa wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza. Leo ASVAB haina toleo la picha, kila mtu anafanya ule ule.

Baada ya kuijua namba, inatosha au haitoshi? Jeshi limeigawa AFQT kwenye makundi. 93 mpaka 99 ni kundi la I, 65 mpaka 92 la II, 50 mpaka 64 wanaita IIIA, 31 mpaka 49 ni IIIB, 10 mpaka 30 ni IV, na chini ya 10 ni V, ambalo sheria imelifungia mlango kabisa. Kwa Army, yaani jeshi la nchi kavu, mtu mwenye cheti cha sekondari kinachokubalika anahitaji 31, majeshi mengine yanazunguka humo humo na hubadilisha kidogo kulingana na uhitaji wa watu, na mwenye GED, ile mitihani mbadala ya cheti cha sekondari, kwa kawaida anadaiwa zaidi, mara nyingi 50. Hapa wenye vyeti vya Kenya au Tanzania sikilizeni, cheti chako cha Form Four au Form Six kinatakiwa kitathminiwe na kampuni inayotambulika kwamba ni sawa na hai skuli ya Marekani, fanya hiyo mapema kabla ya kufikiria kufanya GED, maana unaweza kujikuta umejipandishia kiwango mwenyewe bila sababu.

Na kwa nini rikruta, yule anayeandikisha watu jeshini, anachangamka ukivuka 50? Kwa sababu wizara yao ya ulinzi inataka angalau asilimia 60 ya wanaoingia watoke IIIA kwenda juu, na wa kundi la IV wasizidi asilimia 4. Kwa iyo 49 na 50 ambazo kwako ni tofauti ya swali moja, kwake ni watu wawili tofauti. Jua hilo ukikaa naye, ukiwa na 50 na kuendelea una nguvu ya kuongea.

Aliyeangukia chini ya 31 asifikirie ndo basi. Mwaka 2022 Army ilikosa lengo lake la kuandikisha kwa watu kama 15,000 na Agosti ya mwaka huo wakaanzisha kozi ya maandalizi pale Fort Jackson, South Carolina, ambapo mtu wa 21 mpaka 30 anachukuliwa, anafundishwa hesabu na Kiingereza mpaka siku 90, anarudia mtihani kila baada ya wiki tatu, akipanda anaendelea na mafunzo ya kijeshi. Navy nao wakaja na ya kwao mwaka uliofuata. Ni njia halali, haina aibu.

Lakini sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. AFQT inakufungulia geti tu, haikupi kazi. Kazi inatolewa na alama zingine zinazotengenezwa kwa kuchanganya sehemu za ASVAB kwa namna tofauti, Army wanaziita laini skoo na wanazo kumi. Ile maarufu ni GT ambayo inatokana na VE na AR. Mtu anaweza kuwa na AFQT 60 akaja akakuta kazi anayoitaka imemfungia kwa sababu ya laini skoo moja. Mfano wetu wengi tunapenda mambo ya afya, kazi ya medic wa Army, 68W, imekuwa ikitaka GT 107 na laini skoo nyingine iitwayo ST iwe 101, na ST ndani yake kuna sayansi na mekanika ambavyo havimo kabisa kwenye AFQT. Wakati dereva wa malori, 88M, ni laini skoo ya OF 85, na infantri, askari wa miguu, ni CO 87. Uliyejifungia kusoma zile sehemu nne tu ukasema hizi zingine sijali, hapa ndo unapojua zilikuwa na kazi gani. Air Force wao wana makundi manne, mekanika, utawala, jumla na umeme, na Navy wanajumlisha alama za sehemu moja kwa moja kwa kila kazi. Kwa iyo swali la kumuuliza rikruta sio nimepita? Muulize kazi hii inataka alama gani leo, alafu ndo urudi nyumbani ujue unasoma nini.

Na wenye grini kadi, alama kubwa haiondoi ukuta wa uraia. Kazi zinazohitaji kibali cha siri za serikali, kama za ujasusi, ni za raia, hata uwe na 95. Uofisa pia ni wa raia. Unaweza kuingia kwa kazi nyingine, ukaomba uraia ukiwa ndani ya huduma, alafu ukahama.

Siku yenyewe kwa kawaida utafanyia MEPS, kituo cha kupimia wanaoingia jeshini, kwenye kompyuta, na kompyuta hii inakupima huku inakubadilishia maswali, ukipata inakupa gumu zaidi, ukikosa inashusha. Kwa iyo ukiona maswali yanazidi kuwa magumu usiogope, ni dalili nzuri. Huwezi kurudi nyuma kubadilisha jibu. Na muda ukikaribia kuisha usibonyeze bonyeze ovyo ili umalize, majibu mengi ya kukosa mfululizo mwishoni yanakukata vibaya, bora usome hata mawili vizuri. Karatasi ni kinyume chake, hapo jaza yote maana kukosa hakukatwi.

Ukishindwa unasubiri mwezi mmoja, ukirudia tena mwezi mwingine, baada ya hapo kila jaribio ni miezi sita, so usiende kujaribu bahati ukiwa hujajiandaa, unachoma nafasi zako za karibu. Na ukiwa tayari jeshini GT inapandishika, kuna BSEP, darasa la kunoa hesabu na Kiingereza, na mtihani wa AFCT ambao unarudiwa ukiwa ndani, wengi wamepata kuhamia kazi nzuri kwa njia hiyo.

Ukimaliza omba karatasi yenye alama zote, sio ile ya AFQT peke yake, ipige picha uwe nayo. Ukifika mezani pa kuchagua kazi ukaambiwa unayoitaka leo haipo, kama hujasaini wala hujala kiapo una ruhusa kabisa ya kusema ahsante nitarudi. Alama zinakaa miaka 2.