SAFE si mkopo

"Tumechukua mkopo wa SAFE." Kauli hii naisikia Nairobi, naisikia Dar es Salaam, na majuzi nimeikuta ndani ya mkataba wa wanahisa uliokwisha kupita mikononi mwa wakili. Tuelewane. SAFE (kifupi cha Kiingereza cha Simple Agreement for Future Equity) ni mkataba ambao mwekezaji anatoa fedha leo, na kampuni inaahidi kumpa hisa siku itakapouza hisa kwa bei maalumu kwa wawekezaji wengine. Haina riba, haina tarehe ya kulipa, haina marejesho.

Najua kosa linakotoka. Kabla ya SAFE, kampuni changa za Marekani zilizotaka fedha za haraka zilitumia mkopo unaogeuka hisa. Huo ulikuwa mkopo kweli: una riba, na una tarehe ya kuiva, mara nyingi baada ya miezi 18 au 24. Tarehe ikifika na mwekezaji mkubwa hajapatikana, mkopeshaji ana haki ya kudai fedha zake. Tatizo ni kwamba mwekezaji wa aina hii hakuja kutafuta riba. Alitaka hisa, ila hakuna aliyejua kampuni ya miezi sita ina thamani gani. Wakavumilia masharti ya deni ambayo hakuna aliyeyahitaji, kisha kila tarehe ya kuiva ikikaribia wakalipa mawakili kuisogeza mbele. Mwishoni mwa 2013 Y Combinator, kampuni ya California inayowekeza katika kampuni changa, ikatoa SAFE, iliyoandikwa na Carolynn Levy, wakili na mshirika wa hapo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuling'oa deni na kuiacha ahadi ya hisa. Anayeiita mkopo anarudisha kile kile kilichoondolewa.

Na hasara yake ni ya fedha, si ya maneno. Mwanzilishi anayeamini amekopa hujipa moyo: biashara ikishika tutawarudishia chao, tubaki na kampuni yetu. Hawezi. Mkopo wa SACCO unaweza kuumaliza kabla ya wakati ukapewa barua ya kuthibitisha hudaiwi. SAFE haina mlango huo. Akitaka kuwaondoa wenye SAFE ni mpaka wakubali wenyewe, na kampuni ikiwa imeshika, bei watataja wao. Kwa upande wa pili yuko mwekezaji, mara nyingi mjomba au rafiki wa zamani, ambaye baada ya miaka miwili anataka fedha zake. Kama kampuni haijauza hisa kwa bei maalumu, haijanunuliwa wala kufungwa, hana cha kudai. Mkataba unasubiri tu, hata miaka 10.

Kampuni ikifungwa je? Wanaanza wadai wa kweli: benki, wafanyakazi wenye mishahara iliyolala, mamlaka ya mapato, mwenye jengo. Kikibaki kitu, wenye SAFE wanarudishiwa mpaka kiasi walichotoa, sambamba na wenye hisa za upendeleo (zinazolipwa kabla ya hisa za kawaida), waanzilishi wakiwa nyuma yao. Kwa kampuni changa, mara nyingi hakibaki.

Wahasibu huniuliza hapa, na swali lao ni la haki. Kwa IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu, SAFE mara nyingi huwekwa upande wa madeni kwenye mizania, kwa kuwa idadi ya hisa zitakazotolewa haijulikani mapema. Wako sahihi kwa kanuni zao. Lakini mstari kwenye mizania haumpi mwekezaji haki ya kwenda mahakamani kudai fedha ambazo mkataba haukusema zitarudi.

Kinachotoka mfukoni mwa mwanzilishi ni umiliki, na hapo ndipo ningependa watu wapige hesabu. Toleo la 2018, ambalo ndilo linatumika sana sasa, lina kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kukokotoa hisa za mwekezaji, na ndani yake SAFE zote zimeshahesabiwa. Kwa hiyo unagawanya tu fedha kwa kikomo. Dola 200,000 kwa kikomo cha milioni 4 ni asilimia 5. Ongeza 300,000 kwa kikomo cha milioni 5, asilimia 6. Ongeza 500,000 kwa kikomo hicho hicho, asilimia 10. Jumla 21, na zote zinatoka kwa waanzilishi na wengine wenye hisa tayari, kwa sababu katika toleo hili wenye SAFE hawapunguzani wao kwa wao kama ilivyokuwa katika lile la 2013. Akija mwekezaji mkubwa akachukua asilimia 20, ile 79 iliyobaki inashuka mpaka 63.2, kabla hujatenga hisa za wafanyakazi. Aliyedhani ana mikopo mitatu anaishtukia hesabu hii siku ya kusaini.

Jambo moja la kwetu. Hati ya msingi ya SAFE iliandikwa kwa kampuni za Delaware, jimbo la Marekani, na ndiyo maana kampuni nyingi za Afrika Mashariki zinazotafuta fedha za Marekani husajili kampuni mama huko. Kuchukua hati hiyo na kubadilisha neno Delaware kuwa Kenya au Tanzania hakutoshi. Katiba ya kampuni lazima iruhusu hisa za upendeleo zilizoahidiwa, na idhini ya kutoa hisa mpya ipatikane. Vinginevyo umeahidi kitu ambacho kampuni yako haina uwezo wa kukitoa.

Kwa hiyo kwenye slaidi ya fedha unayowaonyesha wawekezaji, palipoandikwa "mikopo: dola milioni 1", andika: SAFE 3, jumla dola milioni 1, toleo la 2018, vikomo vya milioni 4, 5 na 5. Mwekezaji anayefuata ataipata ile asilimia 21 mwenyewe, nawe utakuwa umeshaijua kabla yake.