Biashara ya haki si sadaka

Kwa miaka mingi tumesikia kwamba biashara ya haki ni sadaka: mnunuzi wa Ulaya anamhurumia mkulima, anamwongezea senti mbili tatu. Sivyo.

Chukua arabika, aina mojawapo ya kahawa. Mkulima wa Kilimanjaro huchuma buni nyekundu tu, moja moja, akirudia mti uleule mara kadhaa. Humenya, huosha, huanika kwenye vichanja. Wingu likitanda, mbio kwenda kufunika. Bei lakini hufuata soko la kahawa la New York, Marekani. Mfumo wa kimataifa wa kuigawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje ulipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka, na mwaka 2001 ratili ilishuka chini ya senti 50 za dola. Gharama za shamba hazikushuka. Pengo lilizibwa kwa jasho lisilolipwa, la watoto pia. Kama kuna sadaka hapo, mimi naona aliyeitoa ni mkulima.

Fairtrade, mfumo wa kimataifa wa biashara ya haki, huweka sakafu, yaani bei ya chini kabisa: tangu Agosti 2023, dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, na senti 20 za ziada kwa chama cha ushirika. Soko likipanda juu ya hapo, mnunuzi hulipa bei ya soko.