Asetoni haiyeyushi epoksi iliyokwisha kuwa ngumu

Wengi huamini kwamba asetoni, kiyeyushi kinachotumika pia kuondoa rangi ya kucha, huondoa gundi yoyote ya epoksi, hata iliyokaa wiki nzima juu ya chuma. Kwa kweli asetoni huifuta ikiwa bado mbichi tu. Ikishakuwa ngumu, molekuli zake huwa zimefungamana katika mtandao mmoja ambao kiyeyushi hicho hakiwezi kuufumua, bali huulainisha juu juu huku kikiharibu rangi na plastiki iliyo jirani. Kinachofaa zaidi ni joto: epoksi nyingi za kawaida hulegea zikipita takriban nyuzi 60 za Selsiasi, hata ukucha ukaacha alama, na hapo hukwanguliwa kwa kipande cha plastiki kabla hazijapoa. Kama asetoni ilikwisha kupakwa, iachwe ikauke kabisa kwanza, maana mvuke wake hushika moto upesi.